Mbalimbali au Changanya

Jumapili, tarehe 4 Mei

Baba Kasuku, mume wangu,

Nakuandikia karatasi hii nikiomba ikufikie kabla haijageuka unga, maana nimemkabidhi Mapengo, dereva wa lori lenu, na kiti chake unakijua. Nimekupigia simu mpaka kidole kimeota sugu. Inaita, inaita, kisha anakuja yule mwanamke wa mitamboni kuniambia nijaribu baadaye. Basi nimehamia kwenye kalamu, kama enzi za posa.

Mjukuu wetu hajambo. Nilikuja kwa ajili ya uzazi, sasa mtoto anakaa mwenyewe bila mto, na mimi bado nipo. Kasuku hajambo pia, saluni yake imejaa watu na mdomo wake haujapungua hata kidogo. Asiyejambo ni mimi. Hapa ni ghorofa ya tatu. Nikiwa jikoni nataka kwenda sebuleni, nikifika sebuleni nakumbuka sina ninachokitafuta. Nimekunja pindo za mapazia yote ya nyumba hii, nikazifumua, nikazikunja upya. Mkweo ananitazama kwa adabu.

Wamenitolea chumba cha nyuma. Wameninunulia na cherehani ya umeme, mpya, inayolia kama paka. Wanataka nibaki nao moja kwa moja. Kuna mwalimu anayetaka kukipanga chumba hicho, kwa hiyo wanahitaji neno langu kabla ya sherehe. Sijawajibu. Nangoja kwanza jibu lako, kwa lile nililokuuliza siku ile dirishani mwa basi. Nilikuuliza, ukaangalia tairi, ukanipungia mkono, ukaenda zako.

Sherehe, naam. Tarehe 14 Juni tunatimiza miaka thelathini na mitano ya ndoa. Kasuku ameshachukua ukumbi na mshereheshaji. Wewe utasimama useme machache kwenye kipaza sauti, halafu mimi niseme yangu, halafu watu wapige makofi. Utakuja?

Mkeo anayesubiri,
Mama Kasuku

Alhamisi, tarehe 8 Mei

Mama Kasuku, mke wangu wa tangu ujana,

Barua imefika, ina unga kidogo pembeni lakini inasomeka. Pole kwa kidole. Simu ilinitumbukia kwenye gunia la pumba na gunia likauzwa, kwa hiyo nadhani ukipiga unaongea na tumbo la ng'ombe wa mtu.

Nikujibu moja moja. Mapazia: acha kuyafumua, kitambaa kinachoka kama mtu. Cherehani ya umeme: siipendi, ila sijaiona. Yako ya hapa nimeifuta vumbi na kuitia mafuta, sindano nimeikuta na uzi wa bluu, sijautoa. Mkweo anakutazama kwa adabu kwa sababu anakuogopa, na ni vizuri.

Mimi ni mzima. Kazini wamenitoa kwenye mashine kubwa, wamewapa vijana. Sasa nashona midomo ya magunia mlangoni. Kwa hiyo nyumba nzima ni mafundi wa kushona, wewe sare za shule na mimi magunia. Nyumbani nahangaika tu. Juzi nimeung'oa mlango wa jikoni nikaupiga randa kwa sababu ulikuwa unasugua sakafu. Nimeurudisha, haufungi. Nimeung'oa tena.

Jambo moja limenisikitisha. Wale ndege wa chini ya bati, uliokuwa ukiwalaani kila alfajiri, wamehama. Asubuhi ni kimya. Nafikiri wamekufuata wewe.

Kuhusu lile swali la dirishani, jibu unalijua.

Ukumbini sitakuja. Mimi na vipaza sauti hatupatani. Sherehekeeni, mnilie na nyama yangu.

Wako,
Mzee wa Unga

Jumatatu, tarehe 12 Mei

Mume wangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama ngazini, sikuweza kusubiri nifike juu. Nikacheka kwa ajili ya ng'ombe, halafu nikakasirika.

Kwa barua unanijibu kila kitu. Mapazia umenijibu, kidole umenijibu, hata sindano yangu umeniambia ina uzi wa rangi gani. Mtu huyu alikuwa wapi? Nyumbani miaka hii ya karibuni nimekuwa nikizungumza na kisogo. Nakwambia mwenye duka amepandisha bei ya vitambaa, unaniambia "ndiyo". Nakwambia dada yangu anaumwa, "ndiyo". Siku moja nilisema makusudi kwamba nimeuza kitanda, ukasema "ndiyo, vizuri", ukaongeza sauti ya redio. Nimekuita sikio la kufa, nawe hukujibu hata tusi hilo.

Unakumbuka nilivyokuja mashineni kwenu mara ya kwanza? Nilikuwa msichana na debe la mahindi na debe la mtama. Mashine tatu zinanguruma, hakuna anayesikia hata jina lake, na ninyi mmezoea kusema na wateja kwa mikono. Ukasugua ncha za vidole: laini? Ukasugua ngumi kwenye kiganja: au chenga? Ukayaonyesha madebe yangu mawili, ukaweka viganja mbalimbali: tusage kila moja peke yake? Ukafumanisha vidole vya mikono miwili: au changanya? Nilirudi na madebe mengine, na mengine, mpaka mama akaniuliza nyumba hii inakula unga na nani. Ndipo siku ile ukaacha madebe. Ukanionyesha mimi, ukajionyesha wewe, ukafungua viganja, ukafumanisha vidole, ukainua nyusi. Mbalimbali au changanya? Nami nikafumanisha vyangu mbele ya foleni nzima.

Kijana yule alinisikia katikati ya mashine tatu. Wewe hunisikii katika chumba kisicho na hata saa ya ukutani.

Jibu ninalijua, unasema. Basi nalijua. Na ukumbi unaukataa kwa sababu hutaki kusimama na mimi mbele ya watu. Hata hilo nalijua.

Mkeo

Jumamosi, tarehe 17 Mei

Mama Kasuku,

Usinilinganishe na kijana yule. Alikuwa na meno yote na magoti mazima, na bado hakujua kung'oa mlango.

Nasema hivi kwa utani kwa sababu barua yako imenichoma. Tangu Mapengo anipe sijakaa chini. Nazunguka nyumba, nashika kitu, nakiacha. Kukataa kusimama na wewe mbele ya watu? Mke wangu, nimesimama na wewe mbele ya baba yako akiwa ameshika fimbo. Sababu ya ukumbi ni nyingine, na ni yangu, naomba uniachie.

Lile swali lako nimelitafakari sana. Hicho chumba kina dirisha? Unahitaji mwanga wa kushoto ukishona, usikubali chumba cha giza kwa kumwonea haya mtoto. Kama kina dirisha, na kama roho yako inatulia huko kwa watu wanaokuchangamsha, mimi nani nikuzuie. Fanya unavyoona ni bora.

Nyumba haina ladha. Hilo nimeliandika, nikalifuta, nikaliandika tena.

Mzee wa Unga

Jumapili, tarehe 25 Mei

Mama,

Nimefika kwa Baba salama, mtoto hakusumbua njiani. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu Baba yuko chumba cha pili na kuta za nyumba hii unazifahamu, sitaki asikie hata neno. Mapengo anaondoka kesho asubuhi na mimi natoka keshokutwa, kwa hiyo barua itanitangulia.

Ulinituma nikamlainishe Baba kuhusu ukumbi. Mama, huyu mtu halainiki. Nimegonga mlango wa mbele mpaka jirani akaniambia nizunguke. Nikamkuta uani anapiga randa mlango wa jikoni, amenipa mgongo. "Baba." Kimya. "Baba, ni mimi Kasuku." Kimya. Mpaka mtoto alipomshika shati ndipo akageuka, na kweli akafurahi, macho yakamjaa machozi. Tangu hapo hamwachi mjukuu wake. Anamwekea kiganja mgongoni akibwabwaja, kama anavyogusaga mashine ikiwa inasaga. Ila mimi nikimsemesha, "ndiyo, ndiyo", halafu anatafuta kazi ya kufanya.

Sasa sikiliza uongo wake. Ile simu aliyosema imeliwa na ng'ombe iko kwenye droo, ina chaji, nzima kabisa. Na wale ndege wanaodaiwa kuhama? Hawajahama hata mmoja. Wako chini ya bati pale pale juu ya dirisha, alfajiri wametuamsha mimi na mtoto kwa makelele, nikatamani kuwarushia kiatu. Baba anakunywa chai chini yao ananiambia, "Unaona palivyo kimya?" Simu naielewa, hataki kuongea nasi. Lakini mtu kudanganya kuhusu ndege, anapata faida gani?

Jana nimempelekea chakula kazini. Hapo ndipo nilipokasirika hasa. Yuko mlangoni na sindano yake ya magunia, mashine zinanguruma, na anazungumza na kila mtu kwa mikono. Kila mtu. Anawatania wapakiaji, wanamtania, anacheka mpaka anajishika mbavu. Mwenzake mmoja kasimama ng'ambo ya chumba akamfanyia ishara sijui ya nini, Baba akaidaka papo hapo na kumrudishia. Kwa wenzake ana maneno ya mikono tele, kwetu hana hata ya mdomo.

Mama, ulimuuliza kwa kinywa chako kama anataka urudi nyumbani, akakupungia mkono. Na juzi kakwambia fanya unavyoona. Unangoja nini tena? Nimeshamwambia yule mwalimu atafute chumba kwingine. Baki kwangu. Nasema kwa ukali kwa sababu naogopa. Ninyi ndio ndoa niliyokuwa nikiitazama ili niijue yangu.

Mwanao,
Kasuku

Jumatano, tarehe 28 Mei

Mume wangu,

Ndege hawajahama.

Kasuku ameniandikia kwa hasira, bila kujua alichokuwa akiniandikia. Nimeisoma nikiwa nimekaa kwenye cherehani yao ya umeme, nikauzima ule mlio wake, nikabaki na karatasi mkononi. Wako juu ya dirisha letu na wewe unakunywa chai chini yao katika kimya. Mtoto wako akikuita kwa nyuma hugeuki. Simu unaificha kwenye droo. Mashineni, mahali ambapo hakuna anayesikia, wewe ndiye msemaji.

Tangu lini? Usiniambie ni juzi. Miaka arobaini karibu na mashine hizo bila hata pamba masikioni, kisha wanakutoa kwenye mashine kubwa na unaniambia ni zamu ya vijana. Mfanyakazi gani wa mashine anaondolewa kama bado anasikia mkanda ukianza kukatika?

Nimelia, halafu nimekasirika, na hasira ndiyo imekaa. Nililala kando yako nikiamini umenichoka. Nilikuwa nikijitazama kwenye kioo nikitafuta kilichokuchosha. Nimepanda basi na moyo umenivimba. Na wewe ulikuwa unajua sababu, ukaniacha niondoke nikiamini hivyo. Mficha maradhi kifo humuumbua, wewe umeumbuliwa na ndege.

Nami najilaumu, maana niliolewa na mikono yako nikang'ang'ania mdomo. Siku zote nimekusemesha nikiwa nimekupa mgongo, nimeinamia sindano, na kinywani nimebana pini.

Swali la dirishani hukulisikia. Injini ilikuwa inawaka na mimi nilikuwa juu. Umelijibu mara mbili kwa barua bila kulijua, na kila mara umenikata. Sitaliandika hapa, nimechoka na karatasi. Alhamisi tarehe 12 Juni napanda lori la Mapengo. Usipange kwamba narudi. Nakuja kukuuliza. Kasuku chumba chake bado kinanisubiri na cherehani yake inafanya kazi vizuri.

Mama Kasuku

Jumapili, tarehe 1 Juni

Mke wangu,

Nimekaa na barua yako tangu Mapengo anipe, naye alikataa kuondoka kwa sababu aliona uso wangu. Nimemwambia ni vumbi.

Ni kweli. Sikio la kushoto limekwisha, la kulia linachukua vitu vizito tu, mlango ukibamizwa, gunia likianguka. Ilianza kidogo kidogo. Kwanza nilidhani watu wamekuwa wakinong'ona. Kazini nilikosa kumsikia mwenzangu akinipigia kelele na mkanda umekatika, ukampita sikioni. Hakuumia. Wakanisogeza mlangoni, na walifanya sawa.

Kwa nini sikukwambia? Mume mwenye kiburi utagombana naye, utamnunia, utamchomea chapati makusudi, lakini bado ni mume. Kiziwi utamwonea huruma. Utaanza kunishika mkono barabarani. Nikachagua kugombezwa. Nilivyoona umefika kwa Kasuku na watu wanacheka nawe na kukujibu, nikasema apumzike, huku atakuja kulea mtu mzima. Nilidhani dirishani uliniomba ruhusa ya kukaa huko. Ndiyo maana niliandika yale. Kuandika "fanya unavyoona ni bora" kulinigharimu jioni nzima.

Ukumbini niliogopa mshereheshaji angeniuliza kitu mbele ya watu, nami nikajibu "ndiyo, vizuri".

Ndege sikujua. Niliamini kabisa kwamba wamehama. Nilikuwa nikiwaonea uchungu.

Njoo uulize. Lakini nakuomba, usiniulize kwa huruma. Mlango wa jikoni sasa unafunga.

Mzee wa Unga

Ijumaa, tarehe 13 Juni

Kasuku mwanangu,

Naandika haraka, Mapengo anapakia magunia na hana subira. Acha kulia kuhusu yale uliyoyasema juu ya baba yako. Hukujua, na mimi niliyelala naye sikujua. Barua yako ya hasira ndiyo iliyonifumbua macho, kwa hiyo mdomo wako safari hii umefanya kazi.

Kesho tunakuja sote wawili na lori la pili, tutafika mapema. Viti vyetu ukumbini usiviweke sambamba kama vya maharusi. Viweke vitazamane, karibu, na taa isiwe nyuma yangu. Mshereheshaji mwambie amwache baba yako. Akitaka kuongea ataongea, na kipaza sauti hatakihitaji, utaona mwenyewe sasa hivi ninavyokusimulia.

Nilifika jana mchana. Mapengo akazima injini, mimi nikashuka na sanduku likabaki juu ya lori, maana sikuwa nimeamua. Nataka ujue hilo. Njia nzima nilibadilisha mawazo. Nilikuwa nimemsamehe, halafu ninakumbuka vile nilivyojitazama kwenye kioo, nafunga moyo tena. Nilisema, nikiona kwenye uso wake kwamba ananipokea kwa haya tu, nageuka na Mapengo.

Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Baba yako alikuwa katikati ya chumba amekumbatia kichwa cha cherehani yangu kwa mikono miwili, chuma kizima kile, anakihamisha. Meza ameshaisogeza chini ya dirisha, ili nikishona mwanga uniangukie usoni na yeye aone mdomo wangu. Hakusikia lori wala hatua zangu. Nikasimama mlangoni mpaka akainua macho.

Nilimwonyesha yeye, nikajionyesha mimi. Nikafungua viganja, mbalimbali. Nikafumanisha vidole, changanya. Nikainua nyusi, kama alivyoniinulia yeye siku ile mbele ya foleni ya mashineni.

Akatazama mikono yangu, akatazama yake. Meza ilikuwa mbali, na kuiweka cherehani sakafuni hakutaka, sindano ingepinda, na bado ilikuwa na uzi wangu wa bluu. Alihangaika pale, anataka kunijibu na hana kiganja. Nikaona jasho. Nikaona na uso wake, mwanangu, na haukuwa uso wa haya.

Basi akajibu kwa mdomo. Na kwa kuwa hajui tena sauti yake inafika wapi, akaachia yote.

"Changanya!"

Jirani alitoka na mwiko mkononi. Mapengo anasema alidhani gunia limemwangukia mtu. Nami nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja, nikashika upande mmoja wa cherehani, tukaipeleka mezani, na nikampigia Mapengo ishara ashushe sanduku. Kwa hiyo chumba chako mrudishie mwalimu.

Nimesahau kukwambia jambo moja. Alipopiga ukelele ule, ndege wote walitoka chini ya bati kwa mkupuo, kundi zima likapita mbele ya dirisha, likatanda juu ya uwanja. Baba yako akawaona. Akabaki amekumbatia cherehani, mdomo wazi, akiwafuata kwa macho mpaka walipoanza kurudi mmoja mmoja. Ndipo akanigeukia, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo kabisa.

"Kumbe wapo?"

Nikamwitikia kwa kichwa.

Mama yako